Dinas Brân, Wales: kupanda ngome ni nusu ya safari, nusu nyingine ni kulizunguka bonde

Mguu_Mchovu (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikiendi.

Kwenye ule uzi wa Snowdon, mlima mrefu kuliko yote Wales, wadau kadhaa mlioko Uingereza mliuliza kama kuna mlima ambao mtu haamki usiku wa manane kugombania maegesho, anaweza kwenda na watoto, na halipi kiingilio. Jibu langu ni Dinas Brân. Nalileta kwenye uzi wake lisije likapotea kule katikati ya ubishi wa viatu.

Ni gofu la ngome juu ya kilima, mji wa Llangollen, kaskazini mashariki mwa Wales. Kilele kina kama mita 320 kutoka usawa wa bahari, na mji uko chini kabisa kando ya mto Dee, kwa hiyo unapandisha zaidi ya mita 200 kwa mguu. Aliyekulia Uluguru atacheka, ila kipande cha mwisho kimesimama na kitamnyamazisha. Juu hakuna mlinzi, hakuna dirisha la tiketi wala saa za kufunga. Ukitaka kwenda alfajiri nenda, hakuna wa kukuuliza.

Njia ya kawaida ni hii. Unavuka daraja la kale la mawe pale mjini, unaipita stesheni ya treni ya moshi, unapandisha mpaka kwenye mfereji wa maboti, unauvuka, halafu unafuata njia ya miguu inayopita ubavuni mwa shule ya sekondari ambayo nayo inaitwa Dinas Brân. Baada ya hapo ni malisho. Utakutana na yale mageti ya kupita mtu mmoja mmoja, unaingia kwenye kizimba, unalivuta geti nyuma yako ndipo unatoka. Mwenye begi kubwa hujikuta amebanwa katikati na kondoo wanamwangalia. Mpaka hapo kilima bado kinaonekana mbali na cha mviringo. Ukitoka geti la mwisho ndipo unagundua njia imeacha kuzunguka na sasa inaelekea juu moja kwa moja.

Kileleni kitu cha kwanza kukutana nacho ni handaki, kuta zinafuata. Upande wa kusini na mashariki walichonga mtaro mpana ndani ya mwamba wenyewe, na mawe waliyoyatoa humo ndiyo waliyoinulia ngome. Simama ndani ya ule mtaro uangalie juu. Utaona alama za tabaka za mwamba upande mmoja, na upande wa pili tabaka zilezile zimekuwa matofali ya ukuta. Hawakuhitaji kubeba kitu kutoka bondeni isipokuwa chokaa na mbao na mawe machache ya kuchonga pembe.

Kilichobaki juu: vipande viwili vitatu virefu vya ukuta wa kusini vyenye matundu ya madirisha ya ukumbi, mabaki ya mnara wenye umbo la herufi D, lango lililokuwa na minara miwili kwenye kona ya kaskazini mashariki, na kitako cha mnara mkuu wa mraba. Vingine ni vifusi na majani.

Wengi wanapanda, wanapiga picha kwenye tundu la dirisha, wanashuka kula chipsi. Mimi nasema hao wameona jiwe tu, ngome hawajaiona. Nitaeleza chini huko kwa nini. Karibuni.

---

Kibarua_wa_Crewe

Nimeweka kambi. Picha ziko wapi mkuu?

---

Mguu_Mchovu

Nilizo nazo zina sura za watoto wa watu, sizirushi mtandaoni. Zipo elfu na moja ukitafuta jina la ngome.

---

Mzee Kifaru

Yaani mtu alipe nauli ya treni ya Uingereza (na tunazijua zilivyo) akaangalie ukuta ulioanguka? Kilwa ipo pale, ina msikiti mkubwa na kasri na historia ya dhahabu ya Sofala, mbona hamuanzishi nyuzi?

---

BintiMkwakwani

Mzee Kifaru, Kilwa ina nyuzi chungu nzima humu na nusu yake wewe ndiye uliyezifunga kwa ubishi 😂 Aliyeko Manchester na Jumapili moja ya mapumziko utamwambia apande ndege aende Kilwa Masoko arudi kazini Jumatatu?

Mleta uzi, nina swali. Ni Waingereza walioibomoa? Maana kila ngome ya Wales niliyosoma habari zake ni mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, ama kaijenga yeye ama kaivunja yeye.

---

Kijana_wa_Goms

Obviously ni Waingereza. Mkoloni ni yuleyule, alianza na jirani.

---

Mguu_Mchovu

Hapana, na hapo ndipo utamu ulipo.

Conwy, Caernarfon, Harlech, Beaumaris, hizo ndizo za Edward wa Kwanza, alizijenga baada ya kuivamia Wales. Dinas Brân ni ya Wawelishi wenyewe. Inakubalika kuwa aliyeijenga ni Gruffudd ap Madog, mtawala wa Powys Fadog (ndiyo sehemu hii ya Wales), kwenye miaka ya 1260. Na hakuwa wa kwanza kukipenda kile kilima: miaka kama 600 kabla ya Kristo tayari watu walikuwa wamekizungushia boma la udongo lenye handaki, na boma hilo bado unalikanyaga kabla hujafika kwenye kuta. Wengi wanadhani ni tuta tu la mlima.

Gruffudd akafariki mwaka 1269. Nchi ikagawanywa kwa wanawe, kama ilivyokuwa sheria ya Wawelishi ya mirathi, kila mtoto wa kiume na fungu lake. Mwaka 1276 vita vikaanza kati ya Edward na Llywelyn ap Gruffudd, mkuu wa Wales, na Powys Fadog iko mpakani kabisa. Ndugu hawakushikamana, wapo waliosalimu amri mapema.

Mei 1277 Henry de Lacy, Earl (kabaila mkubwa) wa Lincoln, akaja na jeshi la mfalme kuizingira Dinas Brân. Kabla hajafika, waliokuwa ndani wakaitia moto wakaondoka. Wameichoma wao wenyewe. Earl akakuta moshi.

Kilichofuata ndicho kinachonifurahisha. Earl akaizunguka, akaona kuta hazijaharibika kiasi hicho, akamwandikia mfalme kwamba ifanyiwe ukarabati na kuwekwa askari, kwa kuwa Wales nzima hakuna iliyo imara kuliko hii na Uingereza hakuna iliyo kubwa zaidi. Alikuwa anaipamba kidogo, ukubwa wake si huo. Lakini ndivyo adui alivyoisifu. Baada ya Llywelyn kuuawa Desemba 1282 eneo lote akapewa John de Warenne, Earl wa Surrey. Huyu akapanda, akaangalia, akashuka akajenga ngome mpya kule Holt, tambarare, kando ya mto Dee. Dinas Brân ikaachiwa popo.

Kwa hiyo tangu kujengwa mpaka kuchomwa haifiki hata miaka ishirini. Magofu tunayoyaona yana umri wa ugofu zaidi ya miaka 700.

---

Kijana_wa_Goms

Kwa hiyo walikimbia. Umejenga juu ya mlima, una handaki, una minara, adui bado yuko njiani unachoma nyumba yako. Huo ni uoga.

---

DaktariWaMawe

@Kijana_wa_Goms si uoga, ni hesabu. Ngome bila jeshi la kuja kukuokoa ni mtego. Ukizingirwa pale juu, chakula kikiisha umekwisha, na Llywelyn hakuwa na uwezo wa kushuka kuja kuwafungulia. Ukiiacha nzima adui anaitumia dhidi yako kesho yake. Wakachagua kumwachia majivu.

Na kusema kweli walifanikiwa. Hakuna Mwingereza aliyekaa pale kwa maana ya kukaa.

---

Mzee Kifaru

Sasa hapo umeongea. Nasoma.

---

Mguu_Mchovu

Sasa niseme lile nililoahidi.

Ukiwa kileleni swali linakujia lenyewe: kwa nini hapa? Upepo ni wa kukung'oa kofia, maji ni ya shida, kila gunia linapandishwa mgongoni. Jibu hulioni ukiwa ndani ya kuta. Unaliona ukishuka upande wa pili, ule usio na mji, ukazunguka.

Mzunguko ninaoupenda ni huu. Unashuka kwa mashariki mpaka kwenye barabara nyembamba ya lami inayoitwa Panorama Walk. Hapo unaungana na Offa's Dyke Path, njia ya miguu ya kitaifa yenye kilomita 285, iliyofunguliwa mwaka 1971, inayofuata mpaka wa Wales kutoka kusini karibu na Chepstow hadi pwani ya kaskazini pale Prestatyn. Imepewa jina la tuta la Offa, mfalme wa Mercia wa karne ya 8. (Usilitafute tuta hapa, kipande hiki cha njia kimeliacha mashariki huko. Waliochora njia walifuata mandhari.)

Kulia kwako sasa kuna Eglwyseg. Hili ni genge la mawe ya chokaa, meupe, limepangwa ngazi juu ya ngazi kwa kilomita kadhaa kwenda kaskazini. Njia inapita chini yake, kwanza lami, halafu inaingia kwenye mteremko wa kokoto zilizomomonyoka kutoka juu. Ni njia ya upana wa mguu mmoja na nusu, kokoto zinalia chini ya viatu, kushoto bonde linashuka. Haiogopeshi ila usitembee unachati. Na ukigeuza shingo tu, ngome ile pale. Kila dakika kumi imegeuza sura: mara meno mawili, mara ukuta mzima, mara inajificha unaona koni tupu ya majani.

Hapo ndipo unaelewa. Kile kilima hakijaungana na kingine chochote. Kimesimama peke yake katikati ya mabonde mawili, la Dee na la Eglwyseg. Yeyote anayetoka Uingereza kuingia Wales kwa kufuata mto lazima apite chini ya macho yake, na yeyote anayejaribu kuzunguka kwa nyuma naye yuko chini ya macho yaleyale. Gruffudd hakujenga pale kwa sababu ya kupenda upepo.

Ukitosheka na genge unashuka magharibi kwa njia za mashambani na vibarabara vyenye ua wa miti pande zote hadi abasia ya Valle Crucis. Hii nayo ni gofu, ila la watawa wa Cistercian. Ilianzishwa mwaka 1201 na Madog ap Gruffudd, na huyo Madog ndiye baba wa mjenga ngome wetu. Baba kajenga nyumba ya sala bondeni, mtoto kajenga ngome kilimani, na mtoto akazikwa kwenye ile ya baba. Ukuta wa mbele bado umesimama na dirisha lake la duara juu, na nyuma kuna bwawa la samaki la watawa, ndilo la mwisho la aina yake lililobaki Wales. Ilifungwa mwaka 1537 wakati Henry wa Nane anafuta nyumba za watawa. Hapa kuna kiingilio, taasisi ya Cadw ndiyo inayoisimamia.

Mbele kidogo barabarani, juu ya kichuguu ndani ya uzio, kuna nguzo ya Eliseg. Ni kipande cha msalaba wa mawe wa karne ya 9 uliosimamishwa na Cyngen, mfalme wa Powys, kumkumbuka babu wa baba yake. Ilikuwa na maandishi marefu ya Kilatini kuhusu ukoo na vita, leo yamefutika kwa mvua, tunayajua kwa sababu mtu mmoja aliyanakili karne ya 17. Wengi wanaipita na gari bila kupunguza mwendo.

Kisha unarudi mjini kwa njia ya kando ya mfereji, tambarare kabisa, bata wanakupisha. Ukiwa na nguvu ongeza kidogo kwa magharibi uone Horseshoe Falls, ambayo kwa kweli si maporomoko, ni kizuizi cha maji chenye mkunjo kama kiatu cha farasi kilichojengwa na mhandisi Thomas Telford, kikakamilika mwaka 1808 ili kuulisha mfereji maji ya Dee.

Mwendo mzima ni siku, ukienda bila haraka na ukikaa kula. Ukikata kona ukashuka kabla ya kokoto, nusu siku inatosha.

---

Mama Zuhura

Kaka Mguu_Mchovu ahsante kwa uzi, umeandika mpaka miguu inaniuma. Mimi nina goti bovu na watoto wawili, mmoja wa miaka sita mwingine wa miaka tisa. Hiyo njia ya mjini naiweza? Na kigari cha mtoto?

---

Nyar_Chester

Dada Mama Zuhura, kigari sahau kabisa. Mageti yale hayapitishi, na huko juu ni ngazi na mawe.

Sisi huku Chester tunaenda sana, ni karibu. Ukiwa na gari mwambie dereva apande moja kwa moja hadi Panorama. Hapo utakuwa umeshapanda sehemu kubwa na gari, unabaki na ule mwinuko wa mwisho tu. Mwinuko wenyewe ni mkali lakini ni mfupi na una zigizaga. Kwa goti taabu ni kuteremka, kupanda si hoja, kwa hiyo beba fimbo. Shida ni nafasi za kuegesha ni chache, ni vile vijisehemu kando ya barabara, na wenyeji hawapendi ukiwazibia geti la shamba. Fika asubuhi.

Mtoto wa miaka sita atapanda kukushinda. Kileleni mshike mkono lakini, kuta hazina uzio na ule mtaro ni mrefu kwenda chini.

---

Mama Zuhura

Shukrani mdogo wangu. Na choo?

---

Nyar_Chester

Juu hakuna kitu dada. Maliza mambo yote mjini. Wala hakuna duka, maji beba mwenyewe.

---

Mguu_Mchovu

Cha kuchekesha ni kwamba zamani duka lilikuwepo. Enzi za Malkia Victoria pale juu palikuwa na kibanda cha kuuza chai kwa watalii, na pembeni chumba cha giza chenye lenzi darini kilichokuwa kinaonyesha mandhari yote ya nje juu ya meza. Watu walipandishwa kwa punda. Karne hii tunapanda wenyewe na chai tunabeba kwenye chupa.

---

DaktariWaMawe

Niongezee kidogo kwa wapenda mawe, halafu ninyamaze.

Mkiwa kileleni linganisheni rangi. Mawe ya ngome ni ya kijivu kilichoiva, yanachanika vipande bapa, ni tope la bahari la enzi ya Siluria lililogandamizwa. Genge la Eglwyseg mnaloliona ng'ambo ni la chokaa, la enzi ya Kaboni, changa zaidi kwa makumi ya mamilioni ya miaka, na lilitokana na bahari ya joto, ya kina kifupi, iliyojaa konokono na matumbawe. Ukiokota kipande njiani uangalie vizuri kwa kukiloweka mate, mara nyingi utaona gamba la kombe. Kiangalie, kirudishe. Mtu wa Tanga au Mombasa ataitambua ile rangi papo hapo, ni bahari yenye matumbawe, ndugu wa mbali sana wa ile inayojengewa nyumba huko kwetu.

Kwa hiyo ndani ya mwendo wa saa moja umevuka kutoka tope hadi matumbawe. Mimi huwa nawachosha watu kwa hili, nimemaliza.

---

BintiMkwakwani

Hujachosha. Sasa hazina je? Ngome gani haina hadithi ya dhahabu.

---

Kibarua_wa_Crewe

Ipo! Niliisikia kwa mzee mmoja kwenye boti. Chini ya ngome kuna dhahabu, na haipatikani mpaka aje kijana mwenye mbwa mweupe, jicho lake la fedha, mbwa ambaye anaweza kuuona upepo.

Mbwa weupe nimewaona wengi pale juu. Upepo nao upo wa kutosha.

---

Mguu_Mchovu

Hiyo ni moja. Nyingine ya zamani zaidi ni ya jitu liitwalo Gogmagog lililokuwa likikaa kwenye gofu, na bwana mmoja wa vita wa Kinormani akapanda usiku kulipiga. Nayo inataja dhahabu iliyofukiwa. Kinachoonyesha ni kwamba miongo michache tu baada ya moto watu tayari walikuwa wanapaogopa.

Na kuna ya mapenzi. Karne ya 14 mshairi Hywel ab Einion alimtungia shairi Myfanwy Fychan wa Dinas Brân, binti mzuri aliyemkataa. Kwa hesabu ya miaka ngome ilikuwa gofu tayari, kwa hiyo binti hakuwa akikaa mle, labda ukoo tu. Wenyeji hawataki kusikia hesabu hiyo, na mimi siwalazimishi.

---

Kijana_wa_Goms

Nimebadili msimamo wangu kuhusu uoga, ila bado nauliza. Baada ya hapo ukoo ulikwisha?

---

Mguu_Mchovu

Haukwisha, na hili ni la kukaa nalo unapokuwa kwenye treni ya moshi. Reli ya makumbusho inatoka Llangollen kwenda Corwen kufuata mto, inapita mahali panaitwa Glyndyfrdwy. Hapo ndipo tarehe 16 Septemba 1400 Owain Glyndŵr alipotangazwa mkuu wa Wales na kuanzisha uasi uliomsumbua mfalme wa Uingereza kwa zaidi ya miaka kumi. Owain ni uzao wa watawala haohao wa Powys Fadog. Walioichoma ngome yao mwaka 1277 wajukuu wao walirudi.

---

Mzee Kifaru

Haya. Nauli shilingi ngapi?

---

BintiMkwakwani

😂😂😂 Mzee kaingia mtegoni.

---

Nyar_Chester

Mzee wangu, nauli hutegemea unatoka wapi na umekata lini. Stesheni ya karibu ni Ruabon, iko kwenye reli ya Chester na Shrewsbury. Ukitoka Manchester au Liverpool unabadilisha Chester. Ukitoka Birmingham unapitia Shrewsbury. Ukishuka Ruabon unachukua basi la Llangollen, ni safari fupi. Basi la T3 linalotoka Wrexham kwenda Barmouth linapita huko huko.

Usije wiki ya Eisteddfod mwezi Julai kama hujajipanga. Hilo ni tamasha la kwaya na ngoma za mataifa, lipo tangu 1947, na mji wote unajaa, chumba hupati. Lakini kama wewe ni mtu wa kwaya njoo wiki hiyohiyo. Pavarotti, yule mwimbaji maarufu wa opera, alikuja mwaka 1955 akiwa kijana tu, na kwaya ya baba yake kutoka Modena, wakashinda.

---

Mama Zuhura

Na lile daraja la boti linalopita hewani? Watoto wameona video hawanipi nafasi ya kupumua.

---

Kibarua_wa_Crewe

Pontcysyllte hilo. Ndipo nilipomsikilizia yule mzee wa hazina.

Ni mfereji unaopita juu ya daraja, yaani boti inavuka bonde la Dee ikiwa mita 38 juu ya mto, ndani ya sinia la chuma lenye urefu wa mita 307. Limefunguliwa mwaka 1805, kazi ya Telford na William Jessop, na tangu 2009 liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Viungo vya chuma inasemekana walivizibia kwa flana ya Kiwelishi iliyochovywa kwenye sukari iliyochemshwa, na risasi. Halivuji.

Kwa miguu unapita njia ya pembeni yenye reli ya kushikilia. Lakini ukiwa kwenye boti upande wa pili hauna reli yoyote, ukingo wa sinia unaishia karibu na maji na baada ya hapo ni hewa. Mimi ni mtu mzima na niliangalia sakafu ya boti mwanzo mwisho.

Kutoka Llangollen ni kilomita kama sita na ushee kwa kufuata mfereji, tambarare yote, goti lako litafurahi. Ukichoka ukifika Trevor, kijiji cha pale darajani, unapanda basi kurudi.

---

Mama Zuhura

Basi mimi na goti tutafanya mfereji, baba yao awapandishe kwenye ngome.

---

Mguu_Mchovu

Mpango mzuri dada. Na pale bandari ndogo ya Llangollen kuna boti za kuvutwa na farasi, zipo tangu 1884. Farasi anatembea kando, boti inateleza bila kelele. Watoto wa miaka sita wanaona ni maajabu kuliko ngome.

---

Kijana_wa_Goms

Swali la mwisho la kiusalama. Mimi na marafiki tulikuwa tunatembea mashambani sehemu nyingine, kaunti nyingine kabisa, bwana mmoja katoka na quad bike anatufokea tuko kwenye ardhi yake. Huku Wales si ndiyo tutapigwa?

---

DaktariWaMawe

Hakuna wa kukupiga. Uingereza na Wales kuna njia za umma zinazopita ndani ya mashamba ya watu na mwenye shamba hana haki ya kukuzuia, mradi uko juu ya njia. Pata ramani ya Ordnance Survey ya kipimo cha 1:25,000, njia za umma ni vistari vya kijani. Ukiwa juu ya kistari, salimia, endelea. Ukitoka nje ya kistari, mara nyingi yeye ndiye mwenye haki.

Mengine ni adabu. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Mbwa afungwe kamba kwenye kondoo, hasa masika ya huku, Machi mpaka Mei, wakati wa kuzaa. Hapo mfugaji akifoka ana haki zote.

---

Mzee Kifaru

Naenda mwezi wa tisa na mjomba wangu. Nivae nini? Na tuanzie ngome au abasia?

---

Mguu_Mchovu

Anzieni ngome, mzee wangu, mkiwa na nguvu na kabla watu hawajajaa. Viatu vyenye meno, majani ya kile kilima yakilowa yanateleza na njia ina mavi ya kondoo kila hatua. Koti la kuzuia upepo hata kama mjini kuna jua, chini mtatoa jasho, juu mtalitafuta. Mkikuta wingu limekaa kwenye kilele msipande kwanza, nendeni abasia, mle chakula, mpande alasiri, mara nyingi huwa limeshaondoka.

Kama ni Jumapili angalieni ratiba ya basi la kurudi Ruabon kabla ya kuondoka nyumbani. Siku hiyo huwa machache, na teksi ya pale msiitegemee bila kuiagiza mapema.